FILAMU, HAKI ZA WATU NA MJADALA WA HADHARA: FUNZO LA OUAGADOUGOU

Miongoni mwa makada wetu ipo dhana kwamba filamu ni jambo la starehe, la vijana na la jioni, na kwamba kazi ya itikadi hufanywa darasani, mkutanoni na vitabuni. Wapo pia wenye dhana ya pili, ambayo kwa maoni yetu ni ya hatari zaidi, kwamba filamu ni kipaza sauti tu, na kwa hiyo anayekimiliki amekwisha kushinda. Dhana zote mbili zinasahau kwamba filamu inapokwisha na taa zikawashwa, watu wako pale wamekaa na kila mmoja ana la kusema. Ama watapewa nafasi ya kulisema mbele ya wenzao, ama watalibeba na kwenda nalo nyumbani. Katika makala hii tunataka kueleza habari ya matamasha ya filamu za haki za binadamu, ambamo mjadala wa hadhara baada ya filamu ni sehemu ya kazi yenyewe. Mfano wetu mkubwa utakuwa Ouagadougou, mji mkuu wa Burkina Faso. Tumeuchagua kwa sababu una mafanikio na makosa pamoja, na kwa sababu kisa chake, kama tutakavyoona, kilifika mpaka Arusha.

Tuanze na historia, maana bila historia uchambuzi hauna miguu. Sinema haikuletwa Afrika ili Mwafrika azungumze. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwako hapa Tanganyika, huko Vugiri katika milima ya Usambara, mradi wa Waingereza wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika. Sehemu kubwa ya fedha zilitoka katika shirika la Carnegie la Marekani. Filamu hizo zilihusu safura, kilimo, ulipaji wa kodi na kuweka akiba posta, na gari la sinema lilizipeleka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Maelezo yalisikika kutoka katika sahani za santuri zilizorekodiwa kwa lugha za wenyeji. Hatusemi kwamba yote yaliyofundishwa yalikuwa mabaya. Safura ni ugonjwa kweli. Lakini mkulima aliyeambiwa na filamu kwamba kodi yake inamrudia kwa njia ya huduma hakuwa na mtu wa kumwuliza ni shilingi ngapi zilizorudi na ngapi zilizobaki. Sahani ya santuri haiulizwi swali. Huo ndio uhusiano ambao ukoloni uliujenga kati ya picha na mtazamaji: mmoja anasema, mwingine anasikiliza na kutii.

Katika makoloni ya Kifaransa hali ilikuwa ya namna nyingine. Huko biashara ya filamu iliachiwa makampuni mawili, COMACICO na SECMA, ambayo hata baada ya uhuru yaliendelea kuamua ni filamu gani itaonyeshwa katika karibu Afrika ya Magharibi yote ya Kifaransa. Mwafrika aliyetengeneza filamu aliweza kuipeleka Cannes au Venice, lakini isionekane katika mji wake mwenyewe. Mwezi Februari 1969 wapenzi wa sinema wa Ouagadougou, nchi hiyo ikiitwa bado Volta ya Juu, waliitisha juma la filamu za Kiafrika. Mwaka uliofuata, 1970, serikali ya nchi hiyo maskini isiyo na bahari ilitaifisha majumba ya sinema baada ya kugombana na makampuni hayo. Kutokana na hatua hizo tamasha likapata mizizi, likaitwa FESPACO tangu mwaka 1972, na hadi leo ndilo tamasha kubwa la filamu za Waafrika.

Kutaifisha huko kulikuwa ushindi halali dhidi ya ukiritimba wa wageni, na hatuna sababu ya kuupunguza. Lakini tunapofundisha habari hii vyuoni huwa tunaishia hapo, kana kwamba jumba likiwa mali ya taifa basi neno limekuwa mali ya umma. Yaliyofuata Ouagadougou yanaonyesha kwamba hayo ni mambo mawili.

Wakati ule ule, mbali sana na Afrika, watengenezaji wa filamu wawili wa Argentina, Fernando Solanas na Octavio Getino, walikuwa wakilishughulikia swali hilo kwa vitendo. Mwaka 1968 walimaliza filamu ya zaidi ya saa nne kuhusu ukoloni mamboleo katika nchi yao, iitwayo La hora de los hornos. Argentina ilikuwa chini ya wanajeshi, kwa hiyo filamu ilionyeshwa kwa siri, katika nyumba za watu na katika vyama vya wafanyakazi. Waliitengeneza makusudi ili isimamishwe katikati, watu wajadiliane, kisha iendelee. Waliofika walijua kwamba kufika kwenyewe ni hatari, na kwa sababu hiyo hawakuwa watazamaji tu. Mawazo ya watu hao wawili yalisambaa katika mabara matatu, na kila tamasha linaloweka viti vya mjadala mbele ya watu leo limerithi kitu kutoka kwao, hata kama waandaaji wake hawajui.

Turudi Ouagadougou. Tarehe 15 Oktoba, 1987, Thomas Sankara aliuawa na Blaise Compaoré akashika madaraka. Tarehe 13 Desemba, 1998, mwandishi wa habari Norbert Zongo, mhariri wa gazeti la kila wiki la L'Indépendant, aliuawa kwenye barabara ya Sapouy, kusini ya mji mkuu. Gari lake lilichomwa moto. Pamoja naye walikufa ndugu yake Ernest Zongo, na Blaise Ilboudo na Ablassé Nikiéma. Zongo alikuwa akichunguza kifo cha David Ouédraogo, dereva wa François Compaoré, ndugu wa Rais. Dereva huyo alikuwa ametuhumiwa wizi, akashikwa na askari wa ulinzi wa Rais, akateswa, na akafa mwezi Januari mwaka huo huo. Watu walijaa barabarani kudai haki. Tume huru iliundwa, na mwezi Mei 1999 ikawataja askari sita wa kikosi cha ulinzi wa Rais kuwa watuhumiwa wa kweli. Alishtakiwa mmoja tu, na mwaka 2006 shauri lake likafutwa.

Kuhusu mauaji hayo ilitengenezwa filamu, nayo ikaitwa Borry Bana. Kwa Kidyula maana yake ni kwamba mbio zimekwisha. Waliitengeneza Luc Damiba na Abdoulaye Diallo, nao wakataka ionyeshwe katika FESPACO ya mwaka 2003. Haikukubaliwa. Hapa makada tunapaswa kutazama kwa makini. Jumba lile lile lililokombolewa kutoka mikononi mwa makampuni ya kigeni, tamasha lile lile lililoundwa ili Mwafrika ajione kwa macho yake mwenyewe, lilifunga mlango kwa filamu iliyotengenezwa na raia wa nchi, kuhusu raia wa nchi, aliyeuawa ndani ya nchi. Hakuna beberu aliyelazimisha uamuzi huo.

Kwa kukataliwa huko likazaliwa tamasha jingine. Mwaka 2005 chama cha Semfilms kilianzisha Ouagadougou tamasha la Ciné Droit Libre, la filamu za haki za binadamu na uhuru wa kusema, na shabaha yake ya kwanza ilikuwa kuzipa nafasi filamu ambazo hazikupewa nafasi kwingine. Baadaye lilivuka mipaka hadi Abidjan na miji mingine. Wale waliofunga mlango mwaka 2003 walidhani wamemaliza neno. Wakapata mkutano kila mwaka.

Tueleze sasa jinsi matamasha ya aina hii yanavyofanya kazi, maana wanafunzi wengi hutuuliza. Filamu inaonyeshwa yote. Ikiisha, mtengenezaji wake hukaa mbele pamoja na watu wawili watatu wanaolijua jambo, kama wakili, mwandishi, mtu wa chama cha wafanyakazi au ndugu wa aliyeumizwa. Kiongozi wa mjadala anasema machache, kisha maswali yanatoka kwa watazamaji. Kwa kuangalia tu, jambo hili ni dogo. Lakini fikirieni nini kinachotokea. Gazeti la Zongo liliandikwa kwa Kifaransa, na wengi wa wananchi wa Burkina Faso hawasomi Kifaransa. Lugha zao ni Kimoore, Kidyula, Kifulani na nyingine nyingi. Habari iliyosomwa na watu wachache wa mjini, kila mmoja peke yake na kwa hofu yake, sasa inaonekana kwa watu mamia wakiwa pamoja. Kila mmoja anamwona mwenzake akiiona. Mtu aliyedhani ni yeye pekee anayeshuku hugundua kwamba safu nzima inashuku. Nguvu ya mjadala inaanzia hapo, hata kabla mtu wa kwanza hajanyoosha mkono.

Sembène Ousmane wa Senegal, aliyekuwa mpakuzi wa mizigo bandarini Marseille na mwanachama wa chama cha wafanyakazi kabla hajawa mwandishi wa riwaya, aliingia katika sinema kwa sababu iyo hiyo: watu aliowaandikia hawakuweza kusoma alichoandika. Kwake sinema ilikuwa shule ya jioni. Filamu yake ya mwisho, Moolaadé ya mwaka 2004, aliitengeneza Burkina Faso, na inaeleza habari ya mama anayewapa hifadhi wasichana waliokimbia ukeketaji. Wakubwa wa kijiji wanapoona wanawake wameanza kubisha, wanazikusanya redio zao zote na kuzichoma moto. Tunawashauri viongozi wa matawi waitazame sehemu hiyo mara mbili. Wazee wale si watu wabaya waliochorwa kwa mkaa. Ni watu wanaoamini kabisa kwamba wanalinda umoja wa kijiji.

Hapo tunafikia swali la itikadi lenyewe: ni haki zipi? Kasumba ya kibepari hupenda kuzipunguza haki za binadamu zikawa haki za mtu mmoja mmoja dhidi ya serikali yake, basi. Mtu asiyekamatwa ovyo amepata haki zake hata kama analala njaa. Sisi hatukubali kipimo hicho, na wala Afrika haikukikubali. Mkataba wa Afrika uliopitishwa Nairobi mwaka 1981 na kuanza kutumika mwaka 1986 unazungumzia haki za binadamu na za watu, yaani pia haki ya taifa juu ya mali yake na haki ya maendeleo. Filamu ya Abderrahmane Sissako iitwayo Bamako, ya mwaka 2006, inalionyesha jambo hili vizuri kuliko vitabu vingi vya uchumi. Katika uwanja wa nyumba moja ya Bamako inawekwa mahakama, na washtakiwa ni Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mawakili wenye majoho wanabishana kuhusu madeni na kubinafsishwa kwa huduma za umma, huku wanawake wanatia nguo rangi na mtoto anapita kati ya mahakimu. Filamu hiyo inafaa sana kwa mjadala, kwa kuwa ushahidi wa mashahidi wake kila mtazamaji anao nyumbani kwake.

Lakini kosa la upande wa pili nalo lipo, na kwa kuwa tunaandika kwa ajili ya makada inafaa tulitaje bila kupepesa. Wako wanaotumia haki za watu kama kifuniko cha kufunikia haki za mtu. Wanasema: kwanza tushibe, maneno baadaye. David Ouédraogo alikuwa dereva, mtu wa mshahara. Aliteswa mpaka kufa kwa tuhuma ya fedha za mkubwa. Nani atatuambia kwamba kifo chake si jambo la kitabaka?

Baada ya milango yote ya nyumbani kufungwa, familia za wale wanne waliouawa, pamoja na chama cha haki za binadamu cha Burkina Faso, zilipeleka shauri mwezi Desemba 2011 katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha. Tarehe 28 Machi, 2014, Mahakama iliamua kwamba serikali ya Burkina Faso haikufanya juhudi iliyopaswa kuwatafuta wauaji na kuwashtaki, na kwamba uzembe huo uliwatia hofu waandishi wengine. Mwezi Oktoba mwaka huo huo umma wa Burkina Faso ulimwondoa Compaoré baada ya miaka 27. Tarehe 5 Juni, 2015, Mahakama iliagiza familia zilipwe fidia, faranga milioni 25 kwa kila mke wa marehemu, milioni 15 kwa kila mtoto na milioni 10 kwa kila mzazi, na uchunguzi ufunguliwe upya. Hatusemi kwamba filamu ndiyo iliyoleta hukumu. Hukumu ililetwa na wanasheria, na ukaidi wa familia, na maandamano ya miaka mingi. Filamu na mijadala yake zilifanya kazi nyingine ambayo haihesabiki: zilizuia jambo lisisahaulike katika miaka ambayo kusahau kungekuwa rahisi na salama. Njia haikuishia hapo wala si nyoofu. François Compaoré alikamatwa Paris mwaka 2017 kwa ombi la nchi yake, lakini mwaka 2023 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikazuia asirudishwe bila ahadi za usalama wake kuchunguzwa upya, kwa kuwa serikali iliyozitoa ilikuwa imekwisha kupinduliwa na wanajeshi.

Mtu anaweza kutuuliza kuhusu sisi wenyewe. Nchi yetu ni mwenyeji wa Mahakama hiyo, na mwaka 2019 iliondoa tamko lake la mwaka 2010 lililowaruhusu raia na vyama kupeleka mashauri huko moja kwa moja. Sababu zilitolewa, na wapo wanaozikubali na wapo wasiozikubali. Tunalitaja kwa sababu makala inayotetea mjadala haiwezi kuliruka.

Upo pia mfano wa kwetu ambao ni wa filamu hasa. Mwaka 2004 Hubert Sauper, Mwaustria, alitoa filamu kuhusu Mwanza, Darwin's Nightmare. Inaonyesha sangara aliyepandikizwa ziwani wakati wa ukoloni na kuangamiza aina nyingi za furu, viwanda vya minofu, ndege za Ilyushin zinazobeba minofu kwenda Ulaya, na mapanki yanayobaki kwa ajili ya maskini. Tena inadokeza kwamba ndege hizo zilileta silaha. Ilipata tuzo Ulaya na mwaka 2006 ikashindania Oscar. Mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani kuwa imeipaka nchi matope, na Mwanza pakafanyika maandamano ya kuipinga. Ufaransa nako palitokea mabishano makali kuhusu ukweli wake, hata yakafika mahakamani Paris.

Sisi tunaona palikuwa na mengi ya kubishwa katika filamu ile. Dokezo la silaha ni tuhuma nzito, na tuhuma nzito hudai ushahidi mzito. Mtu wa Mwanza angeweza pia kuuliza kwa nini kazi ya maelfu ya wavuvi haikuonekana ila kama fedheha. Swali letu ni pahala pa kubishia. Wazungu waliitazama wakajadiliana, sisi tuliandamana. Ni wangapi kati ya walioandamana walikuwa wameiona? Kama ingeonyeshwa uwanjani Kirumba, ikiwa na tafsiri ya Kiswahili, na mbele wakakaa mvuvi, mfanyakazi wa kiwanda cha minofu, mchuuzi wa mapanki, ofisa wa uvuvi na Sauper mwenyewe, uongo uliomo ungeumbuliwa na watu wenye haki ya kuuumbua. Na ukweli uliomo ungebaki mikononi mwetu. Badala yake hoja ya nani anayekula minofu na nani anayekula mifupa ya samaki wa ziwa letu, ambayo ni hoja ya Ujamaa tangu herufi ya kwanza, tuliwaachia watu wa Ulaya waijadili katika kumbi zao.

Kumbi hizo nazo zina kasoro yake. Tamasha la Prague lililoanza mwaka 1999 na lile la Geneva lililoanza mwaka 2003, ambalo hukutana mwezi Machi wakati wajumbe wa nchi wako katika vikao vya haki za binadamu vya Umoja wa Mataifa, yamefanya kazi ya maana, na utaratibu wao wa filamu moja, jambo moja, mjadala mmoja ni mzuri. Ila mara nyingi anayeonyeshwa ni maskini wa kusini na anayejadili ni mwenye nafasi wa kaskazini. Mtu anahuzunika, anapiga makofi, anapanda tramu. Mjadala wa haki usiokuwa na mwenye haki ndani yake unaelekea kuwa sadaka.

Kwa hiyo neno la mwisho ni kwa wale watakaopewa kazi ya kuongoza mijadala hii katika vyuo na matawi, na kazi hiyo ni ngumu kuliko kuhutubia. Wengi wetu tumehudhuria, na tukiri kwamba baadhi yetu tumeongoza, mijadala ambamo mgeni rasmi alisema kwa dakika arobaini, wageni waalikwa wakampongeza mgeni rasmi, na ilipofika zamu ya wananchi ikatangazwa kwamba muda umekwisha na soda ziko nje. Mjadala wa namna hiyo ni sahani ya santuri ya Vugiri iliyovaa suti. Kiongozi asiseme kwanza maana ya filamu ni nini. Asijibu kila swali. Mengine ayarudishe kwa watazamaji, kwa kuwa mara nyingi jibu limekaa safu ya nane. Mtu akisema jambo lisilo kweli, aombwe ushahidi kwa heshima, naye mkubwa akisema lisilo kweli aombwe vile vile, na hapo ndipo watu watakapopima kama mjadala ni mjadala. Lugha iwe ile wanayoizungumza watu wa pahala hapo wakiwa na hasira. Wanawake wasingojwe mpaka wajitokeze wenyewe mbele ya wakwe zao, waanze. Na kama filamu inalaumu ofisi fulani, mwenye ofisi aalikwe, apewe kiti kama wengine, na apewe dakika sawa na mchuuzi wa mapanki.